Mjadala: Cut the Crap ya 1985 ni albamu halali ya The Clash au si yao?

Wakuu, mashabiki wa muziki wa panki, naomba tulijadili hili kwa hoja bila kutukanana.

Mwaka 2013 kazi za The Clash, bendi ya panki ya Uingereza, zilikusanywa kwenye sanduku moja, Sound System. Albamu tano za studio zimo, kuanzia ile ya 1977 hadi Combat Rock ya 1982. Ya sita na ya mwisho, Cut the Crap, haimo. Kwangu huku ni kuficha historia.

Anayeimba ni Joe Strummer. Mpiga bezi Paul Simonon, aliyekuwapo tangu 1976, bado yumo kwenye bendi. Walijaribu mashine za dramu, sintesaiza, na vibwagizo vya kuitikiwa na kundi zima kama mashabiki uwanjani. Mara nyingi majaribio hayo yanachosha, sikatai. Vibwagizo vimerundikana hadi sauti ya Strummer inazama. Lakini sikilizeni wimbo wa This Is England. Unaanza na sauti za wachuuzi sokoni, kisha mashine inashika mapigo, taratibu, na Strummer anaingia kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa. Mgomo wa wachimba makaa ya mawe ulikuwa umevunjika Machi 1985, na bendi hii ilikuwa imewapigia muziki wa kuwachangia huko Brixton, Desemba 1984. Wimbo ulifika nafasi ya 24 Uingereza. Tunautupa kwa sababu gani?

*

Mkuu mleta mada, jina kwenye jalada halitoshi. Mpiga dramu Topper Headon alitimuliwa 1982. Mick Jones, aliyekuwa akitunga sehemu kubwa ya muziki, akafuata 1983. Mpiga dramu mpya, Pete Howard, alikuwapo lakini kazi yake wakaipa mashine. Hata bezi, sehemu kubwa kapiga Norman Watt-Roy, ambaye si mwanabendi. Na uprodyuza aliushika meneja wao, Bernie Rhodes, akajiita Jose Unidos. Strummer mwenyewe alimfuata Mick Jones hadi Bahamas kumwomba warudiane. Mtu anayeiamini albamu yake angefanya hivyo?

*

Naungana na mkuu hapo juu, ila lawama zote nampa Rhodes. Mei 1985 vijana hawa walizunguka miji ya kaskazini mwa Uingereza hadi Scotland wakipiga barabarani na magitaa makavu, bila jukwaa wala vipaza sauti. Bendi ilikuwa hai! Aliyeziua nyimbo ni yule aliyekaa kwenye mitambo.

*

Mleta mada narudi. Kuhusu Rhodes sina ubishi, aliiharibu. Ila albamu iliyoharibiwa na meneja bado ni ya bendi iliyomkabidhi mitambo, na Strummer alimkabidhi kwa hiari yake.

Hizo sababu nyingine hazisimami. Kwenye albamu ya kwanza dramu kapiga Terry Chimes, Topper alikuwa hajaingia, na hakuna anayeikataa. Huyo Norman Watt-Roy ndiye aliyepiga bezi kwenye The Magnificent Seven, wimbo unaofungua Sandinista! ya 1980. Sandinista! imo sandukuni. Anayesema Cut the Crap itoke kwa sababu ya wapigaji, anijibu hapo kwanza.