Usaili wa mtandaoni kwa waombaji wa kimataifa wa vyuo vikuu: ufutwe au ubaki?

Kalamu (mleta mada): Wakuu, salaam. Oxford walihamishia usaili mtandaoni mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko na mpaka leo wameubakiza huko. Mwombaji wa nje hana tena nauli ya ndege ya kuhangaikia, na kwa hilo nawashukuru. Lakini bado nusu saa mbele ya kamera inaweza kuzima kazi ya miaka. Mimi nasema kwa mwombaji wa kimataifa usaili ufutwe. Matokeo yake ya shule, mtihani wa kujiunga na chuo, pamoja na insha vinatosha.

Bint Hesabu: Ukiufuta, insha ndiyo itakayoamua, na insha siku hizi zinanunuliwa. Oxford wenyewe huweka hadharani mifano ya maswali pamoja na maelezo ya anachotafuta msaili: wanataka kuona unavyofikiri. Wanaotaka ufutwe wengi ni waliokaririshwa majibu, wakakuta wameulizwa kingine.

Kalamu: Dada, hapo umenigusa pabaya. Sikukaririshwa na mtu. Chuo sikitaji, ila swali nalikumbuka neno kwa neno: dawa inaua asilimia 15 ya bakteria waliopo kila saa, baada ya saa ngapi watakuwa wamebaki chini ya nusu? Sauti ilikuwa inakatika. Kwa Kiingereza 15 na 50 zinafanana masikioni, mimi nikasikia 50. Nikajibu, "Saa moja tu ikipita." Msaili akanyamaza. Nikadhani picha imeganda. Akaniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Nafasi sikupata.

Nahodha: Pole, ila asiyetofautisha 15 na 50 atafuataje mhadhara wa saa nzima?

Kalamu: Ndugu Nahodha, kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, upande wa kusikiliza nilipata 7.5 kati ya 9. Ule mtihani una maswali 40, sauti inachezwa mara moja tu, lafudhi mchanganyiko. Masikio yangu yalishapimwa na nililipia. Mhadhiri darasani hakatikikatiki.

Nahodha: Sijakutukana. Nimesema lugha ni sehemu ya sifa.

Kalamu: Umesema siwezi kufuata mhadhara. Soma tena ulichoandika.

Mzee wa Hoja: Vijana, punguzeni jazba. Wasaili ni binadamu na wanapendelea. Kesi ya Harvard iliyoishia Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023 ilionyesha wasaili wakiwapa alama ndogo za haiba waombaji wenye asili ya Asia.

Bint Hesabu: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umegeuza. Wahitimu wa Harvard waliowasaili waombaji ana kwa ana waliwapa hao alama zinazokaribiana na za Wazungu. Zilizoshuka ni zile za ofisi ya udahili, ambayo wengi wao iliwajua kwa makaratasi tu. Hiyo kesi inatetea usaili!

Mzee wa Hoja: Marahaba. Kama ndivyo, nimekosea. Lakini hao ni raia wa Marekani. Huwezi kuwatumia kumsemea mgeni.

Bint Hesabu: Wewe ndiye uliyewaleta, mzee.

Tulizo: Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kwenye udahili wa udaktari walibuni usaili wa vituo vifupi vingi, kila kituo na msaili wake. Ukiteleza kwa mmoja, kwa mwingine unaanza upya. Kwa nini mgeni asipewe huo?

Bint Hesabu: Narudi kwa Kalamu, maana swali lake limenikaa kichwani. Ingekuwa 50, lisingekuwa swali kabisa, hata mtoto angejibu. Kwa 15 unaanza na 100, 85, 72 na ushee, 61, 52, 44. Saa tano. Hapo ndipo ulipotakiwa kushtuka.

Kalamu: Hilo nilishajiambia mara nyingi, dada, na linaniuma kuliko maneno ya Nahodha. Ni kweli ningeuliza. Ila naye aliona jibu halifanani na swali. Aliniuliza kama nina uhakika, hakuniuliza nimesikia ngapi. Hiyo 15 angeiandika kwenye skrini, mimi na yeye tungekuwa tunazungumzia kitu kimoja.

Nahodha: Hapo nakubali. Namba iandikwe.

Bint Hesabu: Kwa hiyo hutaki tena ufutwe?

Kalamu: Nataka namba iandikwe.

Mgeni Njoo: Samahani kuingilia. Nina usaili wiki ijayo na kwa saa za kwetu unaangukia saa tisa usiku. Nikiomba wabadilishe muda wataniona msumbufu?

Bint Hesabu: Omba leo, mdogo wangu, usingoje kesho. Taja tofauti ya saa na uwape nafasi mbili unazoweza. Na siku yenyewe ukisikia namba, irudie kwa sauti kabla hujajibu.