Kampuni kubwa kununua washindani wachanga: sheria ibane zaidi au iache soko liamue?

Mizania
Wakuu, kampuni inayotaka kukua haraka ina njia mbili: ijenge yenyewe, au inunue kilichojengwa na wengine. Ugomvi uko kwenye hiyo ya pili, hasa anayenunuliwa akiwa mdogo leo na tishio kesho. Facebook ilinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, kampuni yenye wafanyakazi 13 na isiyoingiza mapato. Mwaka 2014 ikaitangazia WhatsApp dola bilioni 19.

Msimamo wangu: sheria nyingi zinauliza swali lisilofaa, yaani anayenunuliwa anauza kiasi gani kwa mwaka. Kampuni changa haiuzi kitu, basi inapita bila kukaguliwa. WhatsApp haikufikia kiwango cha mauzo cha Umoja wa Ulaya. Ilifika kwa Tume ya Ulaya kwa sababu tu nchi tatu wanachama zilikuwa na haki ya kuikagua, na Facebook ikaomba shauri lihamishiwe Brussels. Ujerumani ilirekebisha hilo mwaka 2017: bei ikizidi euro milioni 400 na anayenunuliwa ana shughuli za maana nchini, taarifa ni lazima hata kama mauzo ni kiduchu. Austria waliweka milioni 200. Nchi zote zifuate hapo.

Msoma_Hukumu
Mkuu, mfano wako unakugeuka. Marekani inaangalia thamani ya mkataba tangu sheria ya Hart-Scott-Rodino ya mwaka 1976. Instagram ilikaguliwa na tume yao ya biashara, FTC, na jalada likafungwa Agosti 2012. Uingereza nao walikagua, wakaridhia. Taarifa ilitolewa, wakaguzi waliiona, na bado wakapitisha. FTC ilirudi mahakamani mwaka 2020 ikitaka ununuzi huo uvunjwe, na Novemba 2025 jaji akaamua kwamba haikuthibitisha kuwa Meta (jina jipya la kampuni ya Facebook) ina ukiritimba kwa sasa, akizingatia TikTok na YouTube. Tatizo liko kwenye kutabiri. Fomu mpya haitabiri kitu.

Kikokotoo
Naongezea hesabu, maana hapo ndipo utabiri unapokwama. Wakaguzi huchukua sehemu ya soko ya kila kampuni kwa asilimia, wanaizidisha kwa yenyewe, kisha wanajumlisha. Soko la kampuni nne zenye 30, 30, 20 na 20 linatoa 900 + 900 + 400 + 400 = 2,600. Wale wawili wa 20 wakiungana inakuwa 3,400, ongezeko la 800. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unasema jumla ikizidi 1,800 na ongezeko likazidi 100, muungano unachukuliwa kuwa na madhara mpaka wahusika waonyeshe vinginevyo.

Sasa mwenye 30 amnunue mchanga mwenye 1. Ongezeko ni 2 × 30 × 1 = 60. Anapita. Ongezeko la 60 ni lile lile, mchanga awe anakufa au anakua mara tatu kila mwaka. Kipimo hiki kilitengenezwa kwa saruji na chuma, bidhaa ambazo soko la jana linafanana na la kesho. Na kabla ya hesabu kuna vita vya kuchora mipaka ya soko husika: mnunuzi atalichora pana ili sehemu yake ionekane ndogo, mkaguzi atalichora jembamba. Kesi nyingi huamuliwa hapo, hata kabla namba moja haijaandikwa.

Mtaji
Mnasahau upande wa wanaotoa fedha. Mwekezaji anaingia kwenye kampuni changa kumi akijua nyingi zitakufa. Anayebaki anatoka kwa njia mbili: soko la hisa au kuuzwa. Ukifunga mlango wa pili, fedha za mwanzo zinapungua na hao washindani mnaowalinda hawazaliwi. Adobe, kampuni kubwa ya programu za usanifu, ilikubali kununua Figma, mshindani wake mchanga, kwa dola bilioni 20 Septemba 2022. Desemba 2023 wakaacha kwa kuwa wakaguzi wa Ulaya na Uingereza walikuwa njiani kukataa, na Adobe ikalipa dola bilioni 1 za kuvunja mkataba. Miezi kumi na mitano, wafanyakazi hawajui kesho yao.

Mizania
Figma hiyo hiyo iliingia soko la hisa la New York Julai 2025. Mlango wa kwanza ulikuwepo.

Mtaji
Ni moja. Kampuni nyingi hazina ukubwa wa kubeba gharama za kuorodheshwa, na wewe mtu wa mizania unalijua hilo vizuri.

Rafu
Hamjagusa njia ya katikati, ambayo ndiyo hutumika sana: muungano unaruhusiwa kwa sharti la kuuza baadhi ya mali. Inasikika vizuri ila utekelezaji ni balaa. Albertsons na Safeway, kampuni za maduka ya vyakula, walipoungana Marekani mwaka 2015, walitakiwa kuuza maduka 168. Haggen, kampuni ndogo ya maduka 18, ikachukua 146 ikawa na 164 ndani ya miezi michache. Septemba mwaka huo huo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na Albertsons ikarudi kununua sehemu ya maduka yale yale.

Makosa yanajulikana. Anayeuza hana sababu ya kumtakia mnunuzi mafanikio. Maduka yanakwenda bila ghala, bila mfumo wa bei, bila mikataba ya wasambazaji, na mnunuzi anajenga vyote hivyo huku milango iko wazi. Sharti linalofaa ni kuuza biashara nzima inayosimama yenyewe: watu wake, mfumo wake wa oda, jina lake. Na mnunuzi apatikane na akaguliwe kabla ya muungano kufungwa. Mtu wa maduka 18 kupewa 146 ilipaswa kumshtua yeyote anayejua kazi ya ghala.

Bandari
Nje ya mipaka hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila nchi ina kanuni yake. Uber iliikabidhi Grab, mshindani wake wa usafiri, biashara yake ya Kusini Mashariki mwa Asia Machi 2018 na kupewa asilimia 27.5 ya hisa. Singapore kutoa taarifa ni hiari, hivyo walifunga mkataba kwanza. Mamlaka ikakuta nauli, baada ya kutoa punguzo, zimepanda kati ya asilimia 10 na 15, ikawatoza jumla ya takriban dola milioni 13 za Singapore. Faini ililipwa, Uber haikurudi.

Ila kununua si dawa ya kuteka soko la ugenini. Walmart iliingia Ujerumani kwa kununua maduka 21 ya Wertkauf mwaka 1997 na 74 ya Interspar mwaka uliofuata. Silaha yake kubwa ilikuwa bei ya chini, na mwaka 2000 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ikaiamuru, pamoja na maduka ya bei nafuu ya Aldi na Lidl, iache kuuza vyakula vya msingi chini ya gharama. Mwaka 2006 ikauzia Metro, kampuni ya maduka ya Ujerumani, maduka 85 ikaondoka. Mshindani imara alitosha pale, na hakuna aliyehitaji kuzuia ununuzi wowote.

Mizania
Chakula kina wauzaji wengi. Kwenye mtandao ambao kila mtumiaji mpya anamvuta mwingine, Aldi hayupo. Kwa kampuni chache zinazotawala mitandao hiyo, mzigo wa ushahidi ugeuzwe: mnunuzi ndiye athibitishe kuwa ununuzi hauui ushindani.

Msoma_Hukumu
Ulaya tayari imewataja hao wachache kwa majina chini ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali, na kifungu cha 14 kinawataka watoe taarifa ya kila ununuzi wa kidijitali bila kujali kiwango. Lakini ni taarifa tu, hakuna kusubiri kibali. Ukitaka mzigo ugeuke, andika kwanza ushahidi gani utakubaliwa kuhusu bidhaa ambayo haijauzwa bado. Mimi sijaona rasimu yoyote inayojibu hilo.