Nimenunua skana, mbona sisikii zimamoto wala polisi? (Brooklyn Park, Minnesota)

mama_watatu:
Habarini wadau. Niko Brooklyn Park, mwaka wa pili sasa, natunza wazee zamu ya usiku na watoto nawaachia mama mkwe ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu. Wiki mbili zilizopita saa nane usiku ambulensi na magari mawili ya zimamoto yakasimama kwa jirani, zile taa zinazunguka mpaka kwenye ukuta wa sebule yetu, mama mkwe akanipigia analia akidhani ni kwetu kunaungua na mimi niko kazini namgeuza mgonjwa siwezi hata kutoka. Tangu siku hiyo sina amani.

Sasa Jumamosi nimepita mahali mtu ameanika vitu vyake vya kuuza nje ya garaji, nikaona skana, ile redio ya kusikilizia mawasiliano, dola 20, akaniambia hii inashika polisi, zimamoto, kila kitu. Nimeizungusha siku tatu. Nasikia marubani wakiongea na uwanja wa ndege, nasikia sauti ya mashine inasoma hali ya hewa bila kuchoka, lakini nikienda huko kwa masafa ya 800 ni mngurumo tu kama posho mill. Imeharibika, ni antena, ama nimeibiwa? Na kusikiliza ni halali? Makaratasi yangu bado yanashughulikiwa sitaki shida na mtu.

fundi_antena:
Dada pole kwa ile hofu. Skana yako ni nzima, huo mngurumo ndio zimamoto wenyewe, tatizo wanaongea kidijitali na wewe umenunua mashine ya analogi, ya mtindo wa zamani. Minnesota karibu yote iko kwenye mtandao mmoja wa redio unaitwa ARMER, unatumia mfumo wa kidijitali wa P25. Zamani kila idara ilikuwa na masafa yake, unaweka namba unasikia basi. Siku hizi ni kama matatu na manamba pale stage, hakuna gari lenye nafasi yake ya kudumu, mtu akibonyeza kuongea kuna chaneli moja ya kuongoza inawaambia redio zote za kikundi hicho hamieni hapa, akimaliza nafasi inapewa wengine. Skana isiyojua kumsikiliza manamba haitakuja kufuata mazungumzo hata ukiiwekea antena ya futi 20.

Na ukitaka kununua nyingine usikimbilie yoyote iliyoandikwa dijitali, hapa Minneapolis na viunga vyake minara mingi inarusha kitu kile kile kwa pamoja, mawimbi yanakufikia yamepishana kidogo na skana nyingi zinachanganyikiwa, maneno yanakatikakatika mpaka unakata tamaa. Uniden SDS100 ya 2018 na SDS200 iliyofuata zilitengenezwa zikilenga shida hiyo hasa, lakini bei inapita dola 600 na mimi siwezi kukwambia utoe pesa hiyo na watoto watatu. Njia ya maskini ni kile kidude cha RTL-SDR cha kuchomeka kwa kompyuta, kama dola 30 au 40 hivi, na programu ya SDRTrunk ambayo ni ya bure. Kujifunza kunachukua wikendi mbili tatu, mimi ndiyo natumia.

Polisi wa Minneapolis sahau, walifunga mawasiliano yao yote ya redio kwa msimbo wa siri Mei 2025, na kujaribu kufungua kilichofungwa ni kosa la jinai. Kusikiliza kilicho wazi ukiwa nyumbani kwako ni halali kabisa. LAKINI usiiweke kwenye gari, sheria ya Minnesota inataka kibali kwa redio inayoweza kushika polisi ndani ya gari, waliosamehewa ni kama sisi wenye leseni ya redio ya ridhaa (ham). Iache nyumbani dada, tena na hayo makaratasi usicheze kabisa.

omosamaria:
Mimi naomba niseme kitu kwa uchungu. Ukishaanza kusikia, utasikia anwani za watu. Kuna familia hapa, sitasema nani, mtu alisikia kwenye skana mtaa na namba ya nyumba na "mwanaume hapumui", akaandika kwenye grupu la WhatsApp la watu wetu, dakika kumi hazijaisha Nyamira wanalia, mke yuko pale hospitali hajaongea na daktari bado na simu yake inaita watu wanampa pole. Mume hakufa!! Alirudi nyumbani baada ya wiki. Yule mama mpaka leo akisikia simu inaita usiku anatetemeka. Ile sauti ya kwanza kwa redio ni vile aliyepiga 911 amesema akiwa amechanganyikiwa, wale wanaoenda hawajafika bado. Kwa hivyo sikia, nyamaza, kama ni jirani yako beba chai uende umwone kesho yake.

fundi_antena:
@omosamaria asante sana, hilo ndilo la kwanza ningepaswa kusema.

mzee_wa_baridi:
Binti yangu, hizo dola 20 hazijapotea, wewe unaidharau ile sauti ya mashine na ndiyo inayokufaa. Hiyo ni redio ya hali ya hewa ya serikali, hapa ni 162.550, inasomwa usiku na mchana, na hatari ikija inalia mlio mkali halafu inasema ni kaunti gani.

Mimi nilikuwa Kaskazini mwa Minneapolis Jumapili ya tarehe 22 Mei 2011 tonado ilipopita. Ving'ora vililia, nikatoka nje KUANGALIA kama mtu anayesubiri harusi ipite, maana nilizoea vinalia kila Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana kwa majaribio. Mti mkubwa wa jirani ulilala juu ya gari langu nikiwa nimeshika mlango, majani yananipiga usoni. Ving'ora vile ni vya kuwaonya walio nje, ukiwa umelala madirisha yamefungwa huenda usivisikie kabisa.

Kwa hivyo mnunulie mama mkwe redio ndogo ya hali ya hewa yenye SAME, yaani inayochagua kaunti kwa namba, uiwekee 027053, hiyo ni kaunti ya Hennepin peke yake, itanyamaza mpaka kuwe na jambo la kaunti yenu. Na mfundishe akipiga 911 neno la kwanza aseme "Swahili", watamtafutia mkalimani.

mama_watatu:
Asanteni jamani, nimesoma huku machozi yananilenga. @omosamaria nimekuelewa, na nimeenda kwa jirani, ni mzee wa miaka 80 na kitu alianguka bafuni, yuko sawa, amenishika mkono muda mrefu.

Redio ya SAME nimeagiza. Kwa sasa hii skana nimeiweka dirishani kwa 162.550 na jana nilimchezea mama mkwe ule mlio kutoka kwa simu ili aujue. Ameurudia mwenyewe kwa mdomo, kisha akawapanga watoto kwenye ngazi ya besimenti, mdogo mbele, akaniuliza blanketi zikae wapi.

@fundi_antena hicho kidude cha dola 30 kinafanya kazi na laptop ya zamani?

fundi_antena:
Inategemea prosesa, nitumie modeli inbox.