Tupeane uzoefu: mchezaji gani wa fantasi uliyemchagua (au uliyemwacha) anakuuma mpaka leo?

Kapteni Mchovu
Wakuu, habari za jioni. Jana nilikuwa natafuta namba ya fundi bomba kwenye simu yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo, nikakutana na picha ya skrini ya timu yangu ya fantasi (ule mchezo wa simu wa kuchagua wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England, ukapata pointi kwa wanachofanya uwanjani) ya Agosti 27, 2022. Fundi sikumpigia tena. Nikakaa jikoni, maji yanamwagika, naangalia kitambaa cha ukapteni, kile kinachozidisha pointi za mchezaji mara mbili, kilivyotulia kwenye jina la Salah wa Liverpool.

Mnaokumbuka mnakumbuka. Liverpool walikuwa wamecheza mechi 3 bila ushindi, wana hasira, wako nyumbani na Bournemouth ambao walikuwa wametoka kupigwa 4 na Manchester City na 3 na Arsenal. Haaland wa City alishaniangusha kwa haohao Bournemouth wiki mbili nyuma: City wameshinda 4, yeye hana goli. Nikasema huyu dogo bado anaizoea ligi, ngoja nimpe mwenye nyumba.

Kibanda umiza chetu pale Tabata kilikuwa na tivi mbili, na mechi zote mbili zilianza saa 11 jioni. Kushoto Liverpool, kulia City na Crystal Palace. Kushoto dakika ya 6 tayari 2-0. Mapumziko 5-0. Kulia City wamelala 2-0 kwao, Haaland haonekani. Mimi nikawanunulia soda watu wanne nisiowajua. Nikawa naongea kwa sauti, mnajua ile sauti.

Zikaisha 9-0. Tisa! Firmino magoli 2 na pasi 3 za magoli. Elliott kafunga, Carvalho kafunga, Van Dijk kafunga. Beki wa Bournemouth naye kafunga, langoni kwake mwenyewe. Salah: hana goli, hana pasi. Timu yake imefunga magoli 9 na yeye yumo uwanjani.

Kulia sasa. Dakika ya 62 Haaland. Ya 70 Haaland. Ya 81 Haaland. Kila shangwe ilitoka upande ule, mimi shingo haigeuki. Yule kijana niliyemnunulia soda akaniuliza, "Broo, wewe kapteni wako nani?" Nikasema naenda msalani, nikaenda nyumbani.

Haya, leteni zenu.

Nyanya Chungu
Nilikuwepo kwenye hilo jahazi. Siongezi neno.

mtu_wa_Igoma
Mkuu umefukua kaburi. Mimi nilimvua Haaland ukapteni saa 7 kasoro mchana, nikiwa kwenye daladala, kwa sababu ya kusoma ushauri wa watu kama ninyi humu humu.

Binti Mbagala
Mimi yangu ni ya uzalendo, msinicheke. Januari 2020 Samatta kaenda Aston Villa. Sisi Mbagala ndiko kwetu na ndiko kwake, ningefanyaje? Nikamuuza mshambuliaji aliyekuwa ananipa pointi, nikamweka Mbwana. Mechi yake ya kwanza ya ligi akawafunga Bournemouth, mtaa mzima ukalipuka, nikasema tumemaliza kazi.

Lile likawa goli lake la kwanza la ligi na la mwisho. Goli la pili alifunga Wembley kwa kichwa, fainali ya Kombe la Ligi na City, Machi 1. Nililia machozi kabisa. Mama akauliza nani kafa. Halafu usiku nafungua programu nihesabu pointi: sifuri. Kombe halihesabiwi! Yaani mwanetu kafunga Wembley, mimi niko pale pale nilipokuwa asubuhi.

Ouma wa Kayole
Dada pole, lakini hujachomwa wewe. Sisi Wakenya tuliweka Wanyama. Msimu wa 2015/16 akiwa Southampton alipewa kadi nyekundu 3. Tatu, msimu mmoja. Kila nikifungua timu yangu naona pointi hasi, na siwezi kumtoa kwa sababu kwenye ligi yetu ya ofisini ukimtoa Wanyama unaitwa msaliti.

Binti Mbagala
Sasa kaka hapo unajisifu au unalia?

Ouma wa Kayole
Nalia. Lakini bomu la Anfield 2018, akiwa Tottenham dhidi ya Liverpool, mliliona? Lile shuti? Wanyama alifunga goli ambalo kipa hakuliona mpaka liko nyavuni. Nyinyi mna kichwa kimoja cha Wembley na mlifungwa hiyo fainali.

mtu_wa_Igoma
Tumeanza. Ouma, na hiyo siku ya Anfield alikuwa kwenye timu yako ya fantasi?

Ouma wa Kayole
Nilikuwa nimeshamuuza.

Nyanya Chungu
😂😂😂

Mama Wawili
Ngoja niwape yenye furaha. Msimu wa 2015/16 nilimchukua Mahrez wa Leicester kwa bei ya 5.5 kabla msimu haujaanza, nikakaa naye mwaka mzima. Pointi 240. Sikusoma takwimu yoyote, nilipenda tu anavyokimbia.

Kapteni Mchovu
Dada, samahani sana, lakini kila mtu siku hizi alikuwa na Mahrez tangu wiki ya kwanza, kama kila mzee kijijini kwetu alivyopigana vita vya Kagera.

Mama Wawili
Baba, mimi nina picha. Wewe una picha ya Salah.

Nyanya Chungu
Mchovu, rudi msalani.

Benchi la Dhahabu
Lundstram. Novemba 2, 2019. Beki wa bei ya 4.0, Sheffield United wanamchezesha kiungo, dunia nzima imeshamwona ni lulu, na mimi ninaye. Ila Burnley niliwaogopa, nikamweka benchi. Magoli 2, hawakufungwa, pointi 21. Wote 11 walioanza walicheza, kwa hiyo hata kuingizwa hakuingizwa. Jina langu humu limetokana na siku ile.

Mswahili wa Ohio
Nawasoma nikiwa ghalani usiku huu, nacheka peke yangu. Wakuu, nyinyi mnalia na fantasi ya mpira ambayo wote mnaweza kuwa na Haaland. Huku wenzangu kazini walinitia kwenye ya besiboli. Ile ukishamchukua mchezaji, hakuna mwingine kwenye ligi anayempata. Tuko 12, tunachagua kwa zamu, na zamu inageuka kama nyoka: ukiwa wa kwanza, chaguo lako la pili ni la 24. Ukikosea la kwanza umekwisha, hakuna Jumamosi ijayo.

2024 nikapata namba moja. Mimi, mtu wa Tanga, nisiyejua hata kwa nini wanavaa glavu mkono mmoja! Wenzangu wakaniambia usifikiri, chukua Acuña. Jamaa 2023 alikuwa amepiga mipira 41 nje ya uwanja na kuiba besi 73, hakuna aliyewahi kufikisha 40 na 70 pamoja. (Kuiba ni halali huko, msiulize.) Nikamchukua. Mei 26, mwanzo kabisa wa mechi, anakimbia, anageuka, goti la kushoto limekwenda. Hakuguswa na mtu. Msimu umeisha. La kulia lilishakwenda 2021, kwa hiyo ni mimi niliyesahau kumkagua magoti yote mawili kama mbuzi wa mnadani.

Aliyenichekesha zaidi ni msimamizi wetu wa zamu. Mwaka mmoja kabla alimchukua mapema Edwin Díaz wa Mets, mrushaji wa kumalizia mechi, akawa anatamba. Machi 15, 2023 Puerto Rico wanaifunga Jamhuri ya Dominika kwenye kombe la dunia la besiboli, Díaz anarukaruka na wenzake kushangilia, goti linakatika palepale. Kwenye kushangilia! Hakurusha mpira mmoja wa ligi mwaka huo.

mtu_wa_Igoma
Sijaelewa hata sentensi moja ila nimeumia.

Benchi la Dhahabu
Kuiba besi 73 na hakuna aliyekamatwa, hiyo ligi ije Bongo.

Mwalimu Zamu
Wakuu, mimi huwa napita kimya, ila hii ya magoti imenigusa mahali. Nitaandika ndefu, mnivumilie.

Msimu wa 2019/20 tulikuwa na ligi ndogo ya walimu, shule binafsi moja mkoani Morogoro. Watu 16, kila mmoja 20,000, jumla 320,000, mshindi anabeba yote. Mweka hazina shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafundisha Kilimo. Mpaka Januari mimi naongoza.

Ikaja ile wiki ya Liverpool kucheza mara mbili, Wolves na West Ham. Nikatoa kadi yangu ya kapteni mara tatu, ile inayozidisha pointi za kapteni kwa tatu badala ya mbili. Staff yote wanasema Salah. Mimi nikasema Mané, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa moto. Alhamisi, Januari 23, mechi saa 5 usiku, kesho yake nina kipindi cha kwanza kidato cha pili. Nimewasha redio ya simu chini ya mto ili mke asisikie. Dakika ya 33 Mané anatoka ameshika paja.

Pointi 1. Mara tatu, 3. Mechi ya pili hakucheza, na Salah akafunga penalti na kutoa pasi ya goli. Sikulala. Asubuhi nikawapa watoto jaribio bila taarifa, mpaka leo najuta, hawakuwa na kosa.

Machi shule zikafungwa kwa korona, ligi nayo ikasimama. Iliporudi Juni tukapewa kubadili wachezaji tutakavyo, nikapambana, Julai 26 nikamaliza wa pili. Nimezidiwa pointi 6. Sita! Mwaka mzima nikawa namwona Mané hata kwenye chakula. Mke akinipa ugali namwona Mané.

Sasa sikilizeni. Aliyeshinda, mwalimu wa Jiografia, kila akidai hela anaambiwa subiri. Shule zikafunguliwa, subiri. Krismasi, subiri. Pasaka ya 2021 tuko ukweni, mama mkwe akaanza kusimulia bila kujua anasimulia nini: "Hivi wale kuku wa kaka yenu aliowanunua shule zilipofungwa, wangepona, saa hizi tungekuwa mbali." Shemeji akainuka kwenda kuangalia gari. Hana gari.

Kumbe Aprili, mshahara umesimama, akaona hela imekaa tu kwenye simu, akanunua vifaranga mia na ushee, azungushe, airudishe Julai na faida. Wakafa wote ndani ya siku nne. Kideri. Nyinyi wafugaji mnajua kideri kwa jina la kitaalamu kinaitwaje.

Kinaitwa Newcastle.

Kwa hiyo ningemweka Salah, ningeshinda, na ningelipwa hewa. Nimeteseka na lile paja la Mané mwaka mzima bure.

Nyanya Chungu
NEWCASTLE 😂😂😂 jamani nimekaa chini

Kapteni Mchovu
Mwalimu funga uzi, hakuna wa kukufikia.

Ouma wa Kayole
Huyo shemeji ni mwizi, msipake rangi. Pesa ya watu 16. Kwetu angerudisha na riba.

Mama Wawili
Mwizi wa nini? Mwalimu wa shule binafsi, miezi mitatu bila mshahara, hakunywa pombe, alifuga. Wewe ungekula nini?

Ouma wa Kayole
Ningekula pesa yangu.

Dawa ya Kuku
Naingilia kidogo. Kifaranga aliyechanjwa vizuri ni nadra kufa na kideri. Chanjo ya tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3, na bei yake haifiki hata soda kwa kuku mmoja. Mwalimu wa Kilimo anakosaje kujua hilo? Mimi hapo nina mashaka na vyeti.

mtu_wa_Igoma
Mkuu, uzi wa fantasi huu.

Dawa ya Kuku
Najua. Ila mtu asipochanja asisingizie Newcastle.

Binti Mbagala
Mwalimu wa Jiografia alilipwa au hakulipwa? Hilo ndilo swali.

Mwalimu Zamu
Alilipwa kwa mafungu. La mwisho lilikuwa jogoo.

Benchi la Dhahabu
Tukirudi kwenye mada, kwa wanaoanza: usibadilishe mchezaji kabla ya Ijumaa kocha hajaongea na waandishi. Nimeumia mara nyingi.

Mama Wawili
Badilisha mapema, bei inapanda usiku. Ukingoja kocha aongee utakosa 0.1 na mchezaji pia.

mtu_wa_Igoma
La muhimu kuliko yote: mwisho wa Machi Wazungu wanasogeza saa mbele. Dedlaini ya Jumamosi iliyozoeleka saa 8 mchana kwetu inakuwa saa 7. Mwaka jana nilifungua simu saa 7 na dakika 10 nikiwa msibani, kapteni wangu yuko majeruhi tangu Jumatano. Nililia, watu wakaniambia jikaze, marehemu amepumzika.

Nyanya Chungu
Igoma 😂 ulimjua marehemu lakini?

mtu_wa_Igoma
Jirani wa mjomba.

Mswahili wa Ohio
Mapumziko yamekwisha narudi kubeba maboksi. Mwalimu, swali moja: shemeji bado ni mweka hazina?

Mwalimu Zamu
Bado. Ukweni hatuwezi kumvua cheo mbele za watu. Ila hela inakaa kwa mke wangu, yeye anaandika daftari tu. Na kila Agosti kabla hatujachanga lazima atuonyeshe banda likiwa tupu.