Kwa nini Pilgrim's Rest haikuhamwa dhahabu ilipokwisha?

Swali: Ndugu zangu, Pilgrim's Rest, kijiji cha milimani huko Mpumalanga, Afrika Kusini, kilianza mwaka 1873 baada ya dhahabu kuonekana kijitoni. Makazi mengi ya aina hiyo yalibaki mahame, hiki kilinusurikaje?

Jibu la 1: Dhahabu yenyewe haikuisha mapema. Wachimbaji wa kwanza waliosha mchanga wa kijito kwa karai, na ulipopungua, kampuni zikaunganisha vitalu na kuifuata miamba ndani ya milima, kazi iliyohitaji mtaji, mitambo ya kusaga mawe na umeme wa nguvu za maji, hivyo uchimbaji ukaendelea hadi mwaka 1972.

Jibu la 2: Nakubaliana na mwenzangu, ila kilichokiokoa hasa, kwa maoni yangu, ni serikali ya jimbo kukinunua mwaka 1974 na kukihifadhi kama makumbusho, kwa kuwa nyumba za mbao na mabati hubomolewa upesi zikikosa mwenyewe.

Jibu la 3: Tusisahau pia kwamba mwaka 1902, vita vya Makaburu na Waingereza vikielekea ukingoni, Makaburu waligonga hapo pauni za dhahabu kwa vifaa vya kuungaunga, wakusanyaji wa sarafu huzigombea mpaka leo.