Gemu ya klan yetu inazimwa mwezi ujao, hela tulizotia humo ndo basi?

DogoWaTabata
Wakuu habari za jioni. Kuna gemu moja ya simu ya kupigana timu kwa timu, jina naliacha, tumeicheza na washkaji toka tuko chuo, klan ina watu wa Dar, Arusha, Mombasa mpaka jamaa mmoja yuko Maskati ndo anatusimamia group. Juzi tumefungua tukakutana na tangazo, mwisho wa mwezi ujao sava (kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu) zinazimwa, duka la ndani limeshafungwa, koini zilizobaki tumieni kabla ya tarehe, asanteni kwa safari nzuri. Safari nzuri! Mimi nina skini (mavazi ya mhusika wangu) za hela yangu kabisa, nilikuwa natopap, yaani naongeza koini, kwa wakala pale mtaani kila nikishika chochote, na siko peke yangu.

Naomba kujua, hivi nilinunua au nilikodi? Na kama wao wamechoka kuiendesha si watuachie hizo faili za sava tuendeshe wenyewe, tatizo liko wapi? Msije na "ni gemu tu hiyo", mama ashaniambia tayari.

kaka_wa_masharti
Ulikodi dogo. Batani imeandikwa nunua ila kwenye yale masharti tunayoyakubali bila kusoma wameandika unapewa ruhusa ya kutumia na wanaweza kuichukua muda wowote. Skini ndo kabisa, ile ni namba tu kwenye hifadhidata yao. Kule California walishtukia hili wakapitisha sheria, imeanza 1 Januari 2025, duka la kidijitali likitaka kutumia neno nunua lazima likwambie wazi kwamba unachopata ni laisensi, yaani ruhusa ya kutumia tu. Lakini hata sheria hiyo haizuii gemu kufungwa, inataka tu uambiwe kabla hujalizwa 😂 We waandikie mapema uulize kuhusu koini ambazo hujatumia, kabla hawajafunga na dawati la wateja.

Pistoni_Nne
Swali lako la pili ndo limekusanya saini Ulaya nzima. Ilianzia kwenye The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari, ilitoka Desemba 2014, unaendesha toka New York mpaka Los Angeles kwenye ramani ya Marekani iliyopunguzwa, na misheni zake unaweza kuzipiga peke yako bila kuonana na mtu, ila lazima uwe onlaini tu, walivyoamua. Desemba 2023 wakaitoa madukani, 31 Machi 2024 wakazima sava. Mwenye diski yake original kabatini akabaki na kisahani cha kuwekea chai. Halafu wakaanza kuzitoa laisensi kwenye akaunti za watu, ukiibonyeza kwenye programu yao ya PC unaambiwa huna tena ruhusa na gemu hii, pitia dukani uendeleze burudani. Mtu kakunyang'anya na hapohapo anakuonyesha duka.

Hapo ndo jamaa wa YouTube anaitwa Ross Scott akaanzisha Stop Killing Games, Aprili 2024. Umoja wa Ulaya una utaratibu wa wananchi kupeleka ombi, saini milioni 1 ndani ya mwaka mmoja. Ilidorora mpaka watu wakaanza kusema imekufa, kufika Julai 2025 ikalipuka, ikavuka milioni, na baada ya uhakiki zikabaki karibu milioni 1.3. Na watu wanaibishia bila kusoma, hawadai kampuni ilipie sava milele. Wanachodai ni ukiondoka uiache gemu inachezeka, basi. Na presha imefanya kazi, The Crew 2 ilipewa modi ya oflaini 2025. Ile ya kwanza mashabiki wenyewe walikaa chini wakaunda sava ya kuiga ile ya kampuni, wakaitoa Septemba 2025, wenye gemu yao wamerudi barabarani.

rack_ya_tatu
Ngoja niwe mbaya wenu kidogo. Mimi kazi yangu ni sava, za malipo sio za gemu, ila mambo yanafanana. "Tuachieni faili" mnaisema kama ni faili moja. Enzi za Counter-Strike 1.6 ilikuwa hivyo kweli, unaiwasha kwenye PC moja pale kafe, wengine wanaunga kwa waya, mwenye gemu hata hajui kama mpo. Leo ukibonyeza cheza unapita kwanza sava ya akaunti, kisha ya kupanga mechi, ndo inawashwa sava ya mechi kwenye mashine ya kukodi, mechi ikiisha inazimwa, pointi zako zinaandikwa sehemu nyingine kabisa. Humo katikati kuna vipande wamenunua kwa kampuni zingine na mkataba hauruhusu kuvigawa. Weka na laisensi za miziki na magari, Forza Horizon 4 ilitolewa madukani Desemba 2024 kwa sababu hizo hizo za laisensi, ingawa aliyekuwa nayo anaendelea kucheza.

Chama cha kampuni za gemu kule Ulaya, Video Games Europe, wanaongezea kwamba kwenye sava za watu binafsi hakuna atakayelinda data za wachezaji wala kuondoa maudhui machafu, na kutengeneza gemu kutakuwa ghali. Hoja ya mikataba mimi naikubali kwa gemu ambazo zishatengenezwa. Kwa gemu mpya hapana, wanapanga mpaka siku ya kuuza skini za Krismasi, wanashindwaje kupanga siku ya kufunga? Knockout City ilifungwa Juni 2023, na studio yake si jitu la kutisha, wakaachia toleo la PC la kuendesha sava yako mwenyewe. Bure.

Bi_Makadara
Mie niliyatafuta haya baada ya gemu yangu kufungwa, someni kisa cha City of Heroes, gemu ya onlaini ya mashujaa. Kampuni yake, NCSoft, waliizima Novemba 2012. Baada ya tangazo wachezaji wakajikusanya pale Atlas Park mbele ya jengo la jiji, wahusika wao wameshika mienge, wamesimama tu, umati mpaka gemu yenyewe inakwama. Haikusaidia, ikazimwa. Kumbe kuna kikundi kilipata msimbo wa programu ya sava kikawa kinacheza kwa siri miaka, mpaka Aprili 2019 siri ikatoka na watu wakawaka kweli, sababu wenzao walikuwa wanalia huku wao wanacheza. Msimbo ukamwagwa hadharani, sava zikazaliwa kila kona, na Januari 2024 NCSoft wenyewe wakawapa kundi moja, Homecoming, laisensi rasmi. Hawachezi kwa kuibia tena, na gharama wanachangishana.

Kwa hiyo @rack_ya_tatu mambo ya mikataba sawa, lakini palipo na nia njia hupatikana. Walikaa miaka 11 kuamua.

mzee_wa_pingi
Hiyo ni PC, dogo anaongelea simu. Tena huku kwetu sisi pingi (ucheleweshaji wa mawasiliano na sava, kwa milisekunde) yenyewe mia na ushee kila siku sababu tunacheza kwenye sava za mbali, kwenye mahesabu yao sisi tuko mstari wa mwisho. Hawa jamaa hawaangalii mnapendana kiasi gani kwenye klan, wanaangalia wangapi wanalipa. Concord ya Sony ilitoka 23 Agosti 2024, 6 Septemba ikazimwa, wiki mbili tu! Ila pale walirudisha hela zote, ndo heshima niliyowapa. Gemu ya bure yenye koini ndo hupati kitu, maana watakwambia gemu lenyewe hukulilipia.

Na tuwe wakweli, mkipewa hiyo sava, ikishapita miezi mitatu nani ataendelea kuilipia? Najua magroup yetu, mchango wa jezi tu unasumbua.

Bi_Makadara
Mzee watu 40 wakitoa hela ya soda hailipiki? Ya jezi inasumbua kwa sababu mweka hazina wenu haeleweki 😅

@DogoWaTabata wakati mnasubiri fanyeni haya. Rekodini mechi za mwisho kwa skrini rekoda, pigeni picha listi ya klan na ranki za watu, na kama mnachatia ndani ya gemu chukueni namba za wenzenu sasa hivi. Sisi tulipoteza watu tuliocheza nao kila usiku sababu tulikuwa tunawajua kwa majina ya gemu pekee, sava ilipozimwa hakuna pa kuwatafutia.

DogoWaTabata
Asante dada, hilo la namba hatukuliwaza, kuna mmoja wa Kigoma hayupo kabisa kwenye group la WhatsApp, leo usiku namsubiri lobi, pale tunapokutana ndani ya gemu kabla ya mechi.

Apdeti, niliandika kwa dawati lao kama alivyosema kaka, wamejibu fasta kweli. Koini hazirudishwi, ila wamenipa vocha ya gemu yao mpya.

rack_ya_tatu
Hiyo mpya ina oflaini?

DogoWaTabata
Nimeangalia. Haina.