Naomba ushauri: nisome mageuko ya furu au uhifadhi wao?

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Nimemaliza shahada ya kwanza ya baiolojia na ninajiandaa kuomba nafasi ya uzamili kuhusu furu wa Ziwa Victoria, samaki ambao wengi wetu huku Mwanza tumewazoea kama chambo cha sangara tu.

Ziwa hili lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu lilipojaa tena zimetokea humo spishi za furu zinazokadiriwa kufikia 500. Nyingi zilitoweka sangara waliopandikizwa miaka ya 1950 walipoongezeka sana katika miaka ya 1980. Anayenigusa zaidi ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu: jike humtambua dume wa spishi yake kwa wekundu, lakini maji yanapochafuka kwa tope na mwani hushindwa kumtofautisha na dume wa buluu wa spishi jirani, nao huzaliana hadi mpaka kati ya spishi hizo ukafutika.

Kwangu mageuko na uhifadhi ni jambo moja, ila mwalimu wangu anasisitiza nichague upande mmoja. Je, nianze na maabara ya vinasaba, au nianze ziwani kwa kupima uwazi wa maji na kuhesabu samaki kwenye miamba? Waliowahi kukusanya sampuli wanieleze pia ni vibali gani vya kuomba kwanza, maana kabla ya kupeleka vipande vya mapezi nje ya nchi nataka kila kitu kiwe halali.